Chura Aliyekosa Jina la Babu

Miaka ile treni ya chini ya ardhi ilikuwa haijafika Hjulsta, kitongoji cha Stockholm tulikoishi. Asubuhi tulipanda basi hadi Spånga, tukachukua treni ya mjini, na jioni tukarudi vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na desturi ya kusimama mlangoni hata viti vikiwa vitupu, kwa sababu ya harufu. Kazi yangu kwenye makumbusho ya wanyama ilikuwa kuongeza spiriti katika chupa zinazohifadhi nyoka, mijusi na vyura, na spiriti ile ikishaingia kwenye sufu ya koti haitoki. Siku moja nilijisahau nikakaa. Mama mmoja wa Kiswidi akaja kukaa pembeni yangu, akavuta pumzi, akanitazama, akatazama saa yake, kisha akahamia kiti kingine. Ilikuwa saa kumi alasiri. Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba sijawahi kuonja pombe, kwamba nina shahada ya elimu ya wanyama, kwamba hii ni harufu ya kazi. Niliipanga sentensi kwa Kiswidi, nikaikosoa, nikaipanga upya. Ilipokuwa tayari, mama alikuwa ameshateremka.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Niliishi na mtu wa Tanga aliyenizidi umri, niliyemwita Kaka. Alikuja Sweden kusomea ufundi wa magari, akabaki kufanya kazi kwenye gereji ya mabasi. Wiki yangu ya kwanza alinipokea mlangoni huku amekunja uso.

"Dogo, umeingiza pombe nyumba hii?"

"Ni spiriti ya kazini, Kaka."

"Kazini kwenu mnakunywa spiriti?"

"Siyo sisi. Wanaokaa ndani yake ni vyura."

"Vyura walevi! Haya, koti lako lilale nje na walevi wenzake."

Tangu siku hiyo koti langu lilining'inia roshani. Wakati wa baridi kali nililikuta asubuhi limekakamaa kama ubao, nikalivaa hivyo hivyo. Kwa baba, Kilosa, niliandika kwamba nafanya utafiti pamoja na maprofesa. Sikuwa na profesa hata mmoja. Nilikuwa na ndoo, mpira wa kupitishia spiriti, na ufunguo wa ghala lililokuwa chini ya jengo.

Kisha profesa akaja kweli.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye viatu vya kiume na nywele za mvi alizojikata mwenyewe. Alitoka Paraguay. Mkuu wa idara yetu, Mswidi mpole aliyezungumza kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa, alinieleza kwamba mgeni huyu ndiye mtu wa kwanza nchini kwake kuishi kwa kazi ya kuchunguza vyura, na kwamba nimsaidie kwa chochote atakachotaka. Siku zile Waswidi walikuwa wameacha vyeo na kuitana kwa majina tu, mkubwa kwa mdogo. Mkuu wa idara alimwita mgeni kwa jina lake la kwanza mbele ya kila mtu, naye akaitika. Mimi nilijaribu mara moja nikiwa peke yangu ghalani, nikaona kama nimemtukana shangazi. Nikamwita Profesa, basi.

Alikuwa amesafiri njia yote hiyo kwa ajili ya chura mmoja. Mnyama anapoelezwa kitabuni kwa mara ya kwanza, mwili uleule uliochunguzwa huhifadhiwa uwe shahidi. Miaka mingi baadaye, watu wakibishana huyu ni yule au si yule, hurudi kwenye mwili ule. Shahidi wa chura wa kwao Profesa alikuwa katika ghala letu. Msafiri wa Kiswidi alimchukua kabla Profesa hajazaliwa. Kwa hiyo, ili amjue vizuri chura anayelia nyuma ya jiko la mama yake, ilimbidi avuke bahari aje Stockholm kuomba ufunguo kwangu. Nilipompa, niliona haya kana kwamba mwizi ni mimi. Nilijua pia rafu waliko vyura waliochukuliwa kutoka kwetu.

"Vitabu vinasema bwawani kwetu kuna aina moja ya chura huyu," aliniambia siku ya kwanza. Tulizungumza Kiingereza, chake kikiwa na herufi zinazonguruma. "Mimi nimelala kando ya bwawa lile tangu nikiwa msichana. Ziko sauti mbili. Sikiliza."

Akajaza hewa kooni, akatoa mlio mrefu mkavu, kama mlango usiotiwa mafuta. Akanyamaza. Kisha akatoa wa pili, mfupi, wa kukatakata. Ghala zima, kimya vile, chupa mpaka dari. Niligeuka kutazama mlango, nikihofia mkuu wa idara asije akatukuta.

"Wenzangu wanasema sauti si ushahidi. Sawa. Nitawaletea miguu, tezi na utando wa vidole. Kama wa kwenye chupa yenu ni mwenye sauti ndefu, basi wa sauti fupi hajawahi kupewa jina na mtu yeyote."

Siku ya pili niligundua anamshika chura karibu kabisa na pua. Alijua nimeona.

"Nina mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili. Usimwambie bwana mpole, atanionea huruma, na mtu akishakuonea huruma anachukua ufunguo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa macho yake. Msimu wote wa baridi tulikaa chini ya taa mbili, mashahidi wa Stockholm upande mmoja na vyura aliowaleta yeye upande wa pili. Nilipima urefu wa paja, upana wa kichwa, ukubwa wa tezi zilizo nyuma ya jicho, nikachora vinundu vya unyayo. Nilipima kila kitu, nikapima tena, nikaomba radhi, nikapima tena. Kwingine kote tabia yangu hiyo imewachosha watu. Chuoni walimu walikuwa wakininyang'anya karatasi ya mtihani mkononi. Profesa hakuchoka.

"Watu wenye uhakika wananitisha," alisema. "Pima tena."

Huku napima, alinisimulia maisha yake, vipande vipande, bila mpangilio. Mama yake aliuza mikate ya muhogo na jibini kituo cha treni, naye Profesa alishangaa kusikia kwamba muhogo naujua. Aliingia makumbusho ya kwao kama mpiga chapa. Wanaume walimpa barua azipige, naye saa ya chakula alikuwa akifungua makabati. Alipoanza kwenda mabwawani na taa, amevaa suruali, padri alimsema kanisani. Aliolewa, na mume akampa achague. "Nikachagua," alisema. Siku nyingine aliniambia alivyojifunza kushika pumzi ili vyura wasinyamaze.

Barafu ilipoanza kulainika, jibu lilipatikana. Chura wetu wa chupani alikuwa na utando mpana na tezi ndefu, sawa na wa sauti ndefu. Wa sauti fupi hakuwa navyo hata kimoja. Profesa aliniomba nisome vipimo vyote kwa sauti, akasikiliza amefumba macho, kisha akavaa koti na kutoka nje kutembea peke yake. Aliporudi pua ilikuwa nyekundu.

"Nina furaha na nina habari," akasema. "Macho yangu yamekwisha, huyu ndiye wa mwisho kwangu. Nimemwona kwa macho yako. Nitampa jina lako."

Anayemweleza mnyama kwa mara ya kwanza ndiye humpa jina, na jina likishachapishwa halifutwi. Hata likiwa na kosa, linabaki hivyo hivyo na kosa lake. Nilimwambia asante. Nilisema asante nyingi mno, nikaangusha kalamu, nikaenda kujifungia chooni.

Shida ni kwamba jina alilotaka kumpa chura halikuwa langu. Kwetu nina majina matatu: langu, la baba, na la babu. Waswidi walichukua la mwisho wakaliandika mlangoni kwangu, kwenye kadi ya hospitali na kwenye bahasha ya mshahara. Huko nilikoitwa kwa jina hilo, nilikuwa naitikia kwa niaba ya marehemu Babu. Na Babu hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa karani wa mahakama. Kanzu yake ilipigwa pasi hata siku za kwenda shamba tu, na watu walipunguza sauti akipita.

Tena aliogopa vyura. Hakupenda lisemwe, ila nyumba nzima ilijua. Masika yakifika, vyura waliingia bafu la uani, na Babu alisimama nje na kopo lake la maji na taulo begani, akaniita: "Njoo uwatoe hawa jamaa!" Hakuwaita vyura. Niliwabeba kwa mikono, mmoja mmoja, naye akitazama pembeni mpaka nimalize. Sasa nimchukue mzee huyo nimweke juu ya mgongo wenye vinundu, milele, katika vitabu vya dunia nzima?

Nilimwambia Kaka, na hilo lilikuwa kosa. Jumamosi tuliyomwalika Profesa chakula, Kaka alikuwa ameshajiandaa. Alikuwepo pia Dada, Mkenya kutoka Nakuru, muuguzi katika nyumba ya wazee, aliyeishi ghorofa ya juu yetu na mumewe Mswidi. Ndiye aliyepika: kuku wa mchuzi na ugali wa semolina, maana unga wa mahindi haukupatikana. Profesa alifinyanga tonge kama mtu wa siku nyingi.

"Dogo anatukimbia," Kaka akaanza kwa Kiswahili. "Amepewa chura."

"Wa kula?" Dada akauliza.

"Wa jina. Chura anapewa jina la babu yake."

Dada akaweka kijiko chini. "Ati nini? Kwani huyo mzee alimkosea nani?"

"Ni heshima," nikasema.

"Heshima ya chura! Wewe, kwani ndege walikwisha? Hata kipepeo walikunyima?"

"Subiri aende kuposa," Kaka akasema, akajiweka sawa kitini kama mshenga. "Hodi wenyewe. Sisi ndio ule ukoo wa chura, tumekuja kuomba binti. Na mahari tutaleta tukiruka."

"Na harusi mtaifanyia kisimani!"

Walicheka mpaka Kaka akashika meza. Mimi pia nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka, kwamba nilicheka kwa nguvu kuliko wao.

"Wanacheka nini?" Profesa akauliza.

Nikawahi kusema si kitu. Lakini Dada hakuwa mtu wa kumficha mgeni jambo mezani, akamweleza yote kwa Kiingereza, pamoja na mahari. Profesa akasikiliza, akapangusa vidole.

"Kwetu pia chura ni tusi," akasema. "Mwalimu wangu alipotaka kuniheshimu, nilitegemea atanipa ua, kwa sababu wake za wenzake walipewa maua na vipepeo. Unajua alinipa nini mimi? Mnyoo."

"Mnyoo?" Dada akashika kifua.

"Mnyoo wa tumboni. Unaishi ndani ya utumbo wa chura. Hauna macho. Nililia wiki nzima. Kisha nikavaa gauni zuri nikaenda kupigwa picha, kwa sababu ni mnyoo wa kwanza nchini kwetu wenye jina la mwanamke."

Kaka aliinuka mezani akaenda jikoni kuchekea huko. Profesa akampigia mlio wa chura mrefu, naye Kaka akajibu kutoka jikoni kwa ule mfupi niliowahi kumwigia, vizuri kabisa, mpaka jirani wa chini akagonga bomba la joto tunyamaze.

Nilimsindikiza kituo cha basi. Theluji ilikuwa imegeuka matope, na tulitembea juu ya mbao walizoweka wajenzi.

"Na wewe," akaniuliza, "ulikuwa unacheka, au unaona aibu?"

"Nilikuwa nacheka, Profesa."

Wiki iliyofuata sikupima chochote kwa usahihi. Akilini nilimwona baba akiitwa chura sokoni. Nikawaona watoto ambao sijawazaa wakizomewa shuleni. Kisha niliona aibu ya kuona aibu, kwa maana nilikuwa nimesoma miaka mingi nijue kwamba chura hana ubaya wowote, na kumbe sikuelimika hata kidogo. Makala ilikuwa iende kwa wachapaji Ijumaa. Alhamisi nikaenda mezani kwake na hotuba niliyoipanga tangu Jumapili.

"Profesa, lile jina si langu."

"Limeandikwa mlangoni pako. Nimelisoma mwenyewe, nilisogea karibu sana."

Nikamweleza majina matatu. Hakunikatiza.

"Yuko hai, babu yako?"

"Amefariki."

"Nani basi wa kuombwa ruhusa?"

"Baba."

"Mwandikie. Wachapaji watasubiri."

"Sitaki kumwandikia."

Alinigeuzia yale macho yenye ukungu. "Unaogopa atakataa, au unaogopa atacheka?"

Hotuba yangu haikuwa na sehemu ya swali hilo. Spiriti ilikuwa inadondoka mahali fulani, nikawaza kwamba kuna kizibo kimelegea, nikashukuru kuwa na kitu kingine cha kuwaza.

"Sawa," akasema. "Mtu asipewe zawadi kwa nguvu. Chukua kalamu ukate wewe. Mimi mistari siioni."

Jina la Babu lilikuwa kwenye kichwa cha makala, kwenye maelezo, chini ya kila mchoro. Nilipita ukurasa baada ya ukurasa nikilikata, na kila nilipolikata niliandika juu yake jina la kijito cha kwao, kama alivyonielekeza. Yeye alikuwa anasikiliza kalamu. Nilipomaliza, akauliza kama nimehakikisha, nikasema ndiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutorudia.

Mwezi wa tano aliondoka. Aliniachia chura mmoja wa sauti fupi awe mali ya makumbusho, akanishika uso kwa mikono miwili, labda kwa upendo, labda ili anione. Makala ikachapishwa kabla ya sikukuu ya kiangazi.

Kaka alikwenda nyumbani likizo wakati huohuo. Nilimpa shati na dawa ya mgongo ampelekee baba, nikamsihi asiseme lolote juu ya chura. Alirudi mwezi wa nane na dagaa, pilipili, na uso wa mtu mwenye jambo.

"Nilimwambia," akasema kabla hajavua viatu.

"Kaka, nilikukataza!"

"Ulinikataza, na mimi nikakubali. Lakini mzee aliniuliza unafanya nini huku. Ningejibuje? Ananuka spiriti? Nikamwambia wapo huko wanaotaka kumpa mnyama jina la ukoo wenu. Akauliza mnyama gani."

"Ukasema?"

"Nikasema chura. Akainamisha kichwa. Nikajua nimekuharibia. Mara nikaona mabega yanatikisika. Dogo, baba yako alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akasema, 'Mzee aliwakimbia hawa jamaa maisha yake yote, kumbe wamemfuata mpaka Ulaya. Mwambie huyo mama aandike.' Kisha akaniuliza jina hilo litakaa muda gani. Nikasema milele. Si ndiyo milele?"

"Ndiyo."

"Akaingia ndani, akavaa shati jipya, akatoka kuwaambia majirani."

Kaka hakuwa na habari kwamba nimelikata. Nilimwambia pale pale, tukiwa bado tumesimama na mizigo katikati. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakutania. Alipeleka dagaa jikoni.

Sasa treni ya chini ya ardhi imefika Hjulsta, na nafika kazini bila kupita Spånga. Mkataba wangu wameuongeza, na bado nabeba ndoo. Nakala ya makala aliyonitumia Profesa iko mezani kwangu ndani ya bahasha yenye anwani ya baba. Imekaa hapo muda mrefu. Kwenye ukurasa wa mwisho, katika herufi ndogo za shukrani, ameandika majina yangu yote matatu kwa mpangilio wake, kama nilivyomweleza. Nimefikiri kwamba hiyo ingempendeza baba. Nimefikiri pia kwamba angetafuta kwanza juu, kwenye kichwa cha makala, akakuta kijito. Barua ya kwenda na nakala nimeianza mara nyingi. Majirani wa Kilosa, nasikia, bado wanauliza hali ya chura.

Chura mwenyewe yuko rafu ya tatu, kwenye chupa mpya. Lebo yake niliiandika mimi, kwa wino mweusi, jina la kijito. Asubuhi nikifungua ghala natazama kwanza kama mkuu wa idara hayupo, kisha nasimama mbele ya ile chupa.

"Shikamoo, Babu," nasema.

Halafu naigeuza kidogo, uso uelekee ukutani, asiwaone hawa jamaa wa chupa za jirani.